Nyumba ya Art Nouveau mjini Brussels: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuikarabati, kuipanua na kuitunza bustani yake

Matonge, mtaa wa Waafrika wa Brussels, hauko mbali na mitaa ambayo wasanifu majengo Victor Horta na Paul Hankar walijenga nyumba zao maarufu za Art Nouveau, mtindo wa chuma, kioo na mistari inayojipinda. Ndiyo maana maswali haya yanatufikia kwa Kiswahili: kutoka kwa waliokwisha kununua, kwa wanaotafuta, na kwa mafundi wanaoitwa kuzitengeneza. Majibu yanahusu Brussels, kwa sababu sheria, mvua na mawe ni ya huko. Mwenye nyumba ya aina hii katika miji ya Nancy, Glasgow au Riga atafaidika na sehemu za chokaa, kioo na mbao, lakini kuhusu vibali aulize kwao.

Nitajuaje kama nyumba yangu ni ya Art Nouveau kweli?

Anza na mwaka. Mtindo huu ulianza Brussels mwaka 1893, Horta alipobuni nyumba ya Tassel na ya Autrique, na Hankar alipojijengea yake katika mtaa wa Defacqz. Vita vya 1914 vilipofika ulikuwa umekwisha kupitwa. Nyumba ya 1880 yenye mlango wa kuvutia haimo, hata kama dalali ameiandika hivyo kwenye tangazo.

Kisha kagua ukuta wa mbele, hasa mawe yaliyo karibu na mlango. Wasanifu wengi wa Brussels walichonga jina lao pale, wengine na mwaka. Usipoona kitu, nenda kwenye hifadhi ya nyaraka ya manispaa yako. Maombi ya vibali vya ujenzi ya enzi zile yametunzwa, na mengi yana michoro ya asili. Omba nakala hata kama jina la msanifu unalijua tayari, kwa sababu ni kwenye michoro hiyo utakapoona mlango uliozibwa, ukuta uliopachikwa baadaye, au choo kilichowekwa mahali palipokuwa dirisha. Mkoa wa Brussels nao una orodha ya majengo ya urithi kwenye intaneti, unaitafuta kwa jina la mtaa.

Usivunjike moyo ukigundua kwamba mwili wa nyumba ni wa kawaida na Art Nouveau iko usoni tu. Nyingi ndivyo zilivyo. Roshani yake bado imefuliwa na fundi chuma aliyejua kazi, na inastahili kutunzwa kama ya mtu maarufu.

Ndani zimepangwaje?

Kiwanja cha Brussels ni chembamba, mara nyingi upana wa mita 6 hivi, lakini kirefu. Majirani wamekubana kushoto na kulia, kwa hiyo mwanga unaingia mbele na nyuma peke yake. Nyumba ya kawaida ya karne ya 19 ilipanga vyumba vitatu kwa mstari: sebule upande wa barabara, chumba cha kulia katikati, na chumba cha tatu kuelekea bustani. Cha katikati kilikuwa na giza hata mchana. Jikoni palikuwa chini, nusu ndani ya ardhi, na sakafu ya sebule iliinuliwa juu ya usawa wa barabara.

Horta alizitoa ngazi pembeni, akaziweka katikati ya nyumba na kuzifunika kwa paa la kioo. Mwanga ukaanza kushuka kutoka juu na kumwagika kwenye vyumba vyote vilivyozunguka ngazi. Chuma kilimwezesha kuondoa kuta nzito zilizokuwa zikiuzuia. Mistari inayojipinda kwenye mkono wa ngazi, kwenye mozaiki ya sakafu na kwenye ukuta yote imefuata mwanga huo. Ukilielewa hili, maamuzi mengi yatakuwa mepesi: chochote kinachouziba mwanga wa katikati kinaiharibu nyumba, hata kiwe kimejengwa kwa ustadi namna gani.

Kwa nini nyumba hizi hutajwa pamoja na Kongo?

Kwa sababu sehemu ya fedha, mbao na pembe za ndovu ilitoka huko, na msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuelezwa bila kupakwa mafuta.

Edmond van Eetvelde, aliyeanza kujengewa nyumba na Horta mwaka 1895, alikuwa mmoja wa wakuu walioiendesha kutoka Brussels Dola Huru la Kongo, milki binafsi ya mfalme Leopold II. Ukumbi wake wa pembe nane, wenye nguzo nyembamba za chuma na kuba ya kioo, ni miongoni mwa vyumba vizuri kuliko vyote vya mji ule. Dola aliyoitumikia ndiyo iliyowalazimisha watu kutafuta mpira msituni kwa viboko na kwa bunduki.

Pembe zina historia inayotugusa kwa karibu zaidi. Pembe za Manyema zilikuwa zikipita Ujiji hadi Bagamoyo na Unguja katika misafara ya akina Tippu Tip. Vita vya 1892 hadi 1894, kati ya majeshi ya Leopold na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu wa mashariki mwa Kongo, viliigeuza njia hiyo: pembe zikateremshwa kwa mto Kongo hadi baharini, zikaishia bandari ya Antwerp, Ubelgiji. Nyumba ya Tassel ilijengwa vita hivyo vikiendelea. Leopold akawagawia wachongaji wa Ubelgiji pembe ili wazitangaze, na kazi zao zikaonyeshwa Antwerp mwaka 1894, kisha Tervuren, nje kidogo ya Brussels, mwaka 1897. Huko Tervuren, wasanifu Hankar, Henry van de Velde, Gustave Serrurier-Bovy na Georges Hobé ndio waliobuni kumbi za maonyesho, wakitumia mbao za Kongo. Katika maonyesho hayohayo Wakongomani 267 waliletwa kutazamwa na umma. Saba walikufa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren, na nadhani anayekarabati nyumba ya enzi ile afike pale walau mara moja.

Kwa kazi yako, hili lina maana mbili. Kwanza, ukikuta mbao za kitropiki kwenye milango au paneli, mwombe mtaalamu azitambue kabla fundi hajazing'oa au kuzipaka rangi. Andika kwenye jalada la nyumba ni mti gani na huenda ulitoka wapi. Pili, ukikuta kitasa au kipambo cha pembe, usikiuze kabla ya kuuliza. Biashara ya pembe katika Umoja wa Ulaya ina masharti makali, hata kwa vitu vya kale.

Nahitaji kibali kwa kazi gani?

Kwa karibu kila kinachobadilisha sura ya nje, kwa upanuzi, na kwa kuvunja au kusogeza kuta. Kama nyumba imeorodheshwa rasmi kama jengo la urithi linalolindwa, mzigo ni mkubwa zaidi: hata kupaka rangi sebule kunaweza kuhitaji idhini, na Tume ya Kifalme ya Majengo na Maeneo ya Kihistoria hutoa maoni yake juu ya mpango. Ofisi ya mkoa inayoshughulika na haya inaitwa urban.brussels. Nyumba nyingine hazijaorodheshwa kwa kiwango hicho lakini zimo kwenye orodha ya urithi, nazo pia huchunguzwa kwa jicho kali zinapoombewa kibali.

Omba kikao na ofisi hiyo kabla msanifu hajachora mpango kamili. Watu hukiogopa kikao hiki bila sababu. Maofisa wengi wanazipenda nyumba hizi, na maoni ya mapema yanaokoa pesa za michoro itakayokataliwa.

Nianzie wapi?

Juu, na maji. Paa, mifereji ya zinki, mabomba ya kushusha mvua, kisha fremu ya kioo juu ya ngazi. Usiguse plasta wala sakafu kabla nyumba haijakauka. Najua hamu ya kuanza na sebule, kwa kuwa ndiyo uliyoipenda ulipokuja kuiona. Lakini mfereji mmoja uliotoboka nyuma ya ukingo wa paa unaweza kuwa umelowesha ukuta kwa miaka, na dari mpya utakayoweka chini yake itaharibika kabla hujaizoea.

Baada ya maji, kagua mbao zinazobeba sakafu, hasa ncha zake zilizoingia ukutani. Halafu umeme, mabomba na upashaji joto. Plasta, rangi na sakafu huja mwisho.

Utaratibu una jambo moja ambalo ramani za ujenzi hazilionyeshi vizuri. Nyumba imeshikana na majirani, hivyo hakuna njia ya pembeni. Kila toroli la udongo kutoka bustanini, kila boriti na kila mfuko wa chokaa utapita kwenye ukumbi wa mlango, juu ya mozaiki ileile unayotaka kuiokoa. Kwa hiyo kazi zote za kuchimba na kujenga nyuma zimalizike kabla ya kuirejesha sakafu ya ukumbi. Wakati wa kazi, itandikie blanketi nene, juu yake mbao pana zilizounganishwa zisicheze, na kingo za kuta uzifunike hadi kifuani. Plastiki peke yake haitoshi: kokoto ikiingia chini yake, kila gurudumu linaisaga kwenye vipande vya mozaiki.

Kuna harufu ya uyoga chini ya sakafu. Ni hatari?

Ndiyo, na ushughulikie wiki hiihii. Huenda ni kuvu ya mbao ambayo Wabelgiji huiita mérule, kwa jina la kisayansi *Serpula lacrymans*. Inapenda mbao zenye unyevu, giza na hewa iliyotuama, hali ambayo vyumba vya chini vya Brussels vinayo kwa wingi. Dalili zake ni nyuzi nyeupe au za kijivu zinazotambaa kama pamba, mbao zinazopasuka vipande vya miraba, na vumbi la rangi ya kutu lisiloeleweka limetoka wapi. Ubaya wake mkubwa ni kwamba inavuka ukuta wa matofali kutafuta mbao upande wa pili, kwa jirani.

Tafuta chanzo cha maji kwanza. Mbao zilizoathirika hukatwa hadi kupita mwisho wa kuvu inayoonekana, kwa kawaida mita moja zaidi, na ukuta hutibiwa. Kazi hii mpe mtaalamu, na umwambie jirani. Kunyamaza kutakugharimu zaidi.

Fundi anataka kutumia saruji kwenye kuta. Nimkubalie?

Hapana. Kuta hizi ni za matofali yaliyoungwa kwa chokaa. Zinavuta unyevu kidogo na kuutoa, mwaka baada ya mwaka. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu vizuri, kwa hiyo maji yanayoingia ukutani hutafuta pa kutokea na kupitia kwenye tofali lenyewe. Baridi kali ikija, maji yaliyonaswa yanaganda, yanatanuka na kuubandua uso wa tofali. Utaona tofali limekuwa unga na saruji imesimama mahali pake, imara.

Waliokulia Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu wanalijua hili bila kufundishwa. Kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa lipu ya saruji hutoa chumvi na kubanduka, na wahifadhi wa huko wamekuwa wakisisitiza chokaa kwa miaka mingi. Nyumba nne za Horta na Mji Mkongwe ziliingia katika Urithi wa Dunia mwaka uleule, 2000, na tiba ya kuta zao ni moja. Fundi wa pwani anayejua kuchanganya chokaa, kuipa muda na kuilinda isikauke haraka ana ujuzi ambao Brussels inauhitaji sana.

Kwa mawe ya mbele, usikubali kupuliziwa mchanga kwa mashine. Jiwe la buluu la Ubelgiji litapoteza alama za patasi, na jiwe jeupe la Euville, ambalo ni laini kuliko la buluu, litakwanguka vibaya. Maji kidogo, brashi laini na subira vinatosha mahali pengi.

Michoro iliyo ukutani nje imefifia. Naweza kuipaka upya?

Usiiguse kabla hujaelewa ni nini. Kwa kawaida ni sgrafito, na haikupakwa juu ya ukuta kama bango. Fundi aliweka kwanza tabaka la chokaa na mchanga lililotiwa weusi, kwa mfano kwa jivu la makaa. Juu yake akaweka tabaka jembamba la rangi hafifu. Likiwa bado bichi alihamishia mchoro kwa karatasi iliyotobolewa matundu madogo, akigongagonga kifuko cha unga wa rangi ili nukta zibaki ukutani. Kisha akakwangua kwa kufuata nukta hizo hadi weusi wa chini ukatokea. Ule mstari mweusi unaozunguka nywele za mwanamke au shina la ua ni mfereji uliochimbwa. Ukipitisha brashi ya rangi juu yake unaujaza, na mchoro unapoteza kina chake.

Mara nyingi kinachoonekana kuwa rangi iliyofifia ni masizi ya karne nzima, na rangi ipo chini yake. Mhifadhi wa michoro ya ukutani atajaribu eneo dogo la kiganja cha mkono kabla ya kusema lolote. Atachunguza pia kwa kugonga kidogo kwa kidole: sauti ya utupu inaonyesha tabaka limeachana na ukuta na linahitaji kudungwa chokaa nyembamba nyuma yake. Kazi ni ya polepole na ghali. Ukitaka kuona matokeo yake, nenda Etterbeek, mojawapo ya manispaa za Brussels, ukaangalie nyumba ya msanifu na mchoraji Paul Cauchie ya mwaka 1905. Uso wake mzima ni sgrafito, na ulikuwa karibu kupotea kabla haujafufuliwa.

Nitajuaje rangi za asili za ndani?

Usikwangue zote kwa pamoja. Chagua sehemu iliyojificha, nyuma ya kipasha joto au juu ya mlango, na mwombe mtaalamu afungue ngazi ndogo ya matabaka kwa kisu cha upasuaji: kila kidaraja kinaonyesha rangi moja, kutoka ya jana hadi ya kwanza. Kazi hiyo inaweza kuleta mshangao. Watu wanatarajia nyeupe, wanakuta chungwa, kijani cha zeituni, waridi iliyochujuka. Rangi za kale zinaweza kuwa na risasi, kwa hiyo kukwangua kavu na kupiga msasa bila kinga ni marufuku, hasa kama kuna watoto nyumbani.

Nyumba ni baridi sana. Nibadilishe madirisha na kuzihami kuta?

Madirisha ya mbele yaache, pamoja na vitasa vyake. Fremu za mwaloni za enzi ile zilitengenezwa kwa mbao bora kuliko nyingi za leo, na kilichooza kwa kawaida ni kipande cha chini tu, kinachoweza kukatwa na kuungwa kipya. Kwa joto, weka dirisha la pili upande wa ndani, jepesi na linalofunguka. Vioo vya rangi vilivyoungwa kwa risasi visitolewe ila kama vimepinda au vimelegea.

Paa la kioo juu ya ngazi ni habari njema kwako. Mara nyingi liko mara mbili: kioo cha rangi unachokiona ukiwa ndani, na juu yake, baada ya nafasi, kioo cha kawaida kinachokinga mvua. Cha ndani ni kazi ya sanaa. Cha nje ni paa. Badilisha cha nje kwa kioo maradufu cha kisasa, hakikisha nafasi ya kati inapumua ili mvuke usigande, na utakuwa umeokoa joto jingi bila kugusa kitu kimoja cha thamani.

Kuta ni suala la tahadhari. Mbele huwezi kufunika kwa nje. Ukihami kwa ndani, ukuta unakuwa baridi zaidi, na ncha za mbao zilizoingia humo zinabaki kwenye unyevu. Ndipo kuoza kunapoanzia, pasipoonekana. Anza na paa, sakafu ya juu ya chumba cha chini na ukuta wa nyuma ambao hauna mapambo. Wengi wakimaliza hayo hawagusi mbele kabisa.

Familia imekua. Tunaweza kupanua?

Mnaweza, na si dhambi. Horta mwenyewe aliipanua nyumba yake ya Mtaa wa Amerika huko Saint-Gilles kuelekea bustanini, kabla ya kuiuza mwaka 1919. Suala ni wapi na kwa kina gani.

Kanuni za mkoa zinazuia jengo lisizidi robo tatu ya kina cha kiwanja, lisimpite jirani aliyejenga ndani zaidi, na lisimpite yule aliyejenga kifupi kwa zaidi ya mita 3 ila kama umeacha nafasi pembeni. Dirisha linalomtazama jirani moja kwa moja linatakiwa liwe angalau mita 1.9 kutoka mpakani. Kabla ya kuchimba, mtaalamu aandike hali ya kuta za majirani kwa picha. Ufa ukitokea baadaye, karatasi hiyo itawanusuru wote.

Ninapopendelea mimi ni chini. Jikoni la zamani la chumba cha chini kwa kawaida liko karibu na usawa wa bustani, ingawa upande wa barabara limezama. Likifunguliwa nyuma na kusogezwa mita chache kwa jengo la chini lenye paa jepesi, familia inapata jikoni pana linalotoka nje moja kwa moja, na vyumba vya heshima vya juu vinabaki vilivyo, pamoja na mwanga wake. Kinyume chake ni kosa linaloonekana mara nyingi: sanduku refu linajengwa nyuma ya sebule, mwanga wa bustani unakatwa, na chumba cha katikati kinarudi kwenye giza ambalo wasanifu wa 1893 walipigana nalo. Kama lazima mjenge usawa wa sebule, acheni ua mdogo kati ya jengo jipya na la zamani, hata wa mita 2, ili madirisha yaliyopo yaendelee kupata jua.

Chunguzeni pia kile kijijengo cha nyuma kwenye vituo vya ngazi, palipokuwa na vyoo. Bafu zikiingia humo, hamtalazimika kupasua vyumba vyenye dari za plasta ya mapambo ili kupitisha mabomba.

Upanuzi uige mtindo wa zamani?

Hapana, na ofisi za urithi nyingi zitakuambia hivyo. Chuma kilichopindwa kiwandani kwa kuiga roshani ya 1902 kinaidhalilisha roshani yenyewe. Jengeni cha leo kwa uaminifu: chuma chembamba, mbao, kioo, kwa vipimo vinavyoheshimu vile vya zamani. Chukueni urefu wa madirisha, unene wa fremu, rangi ya tofali la bustanini. Somo la Art Nouveau lilikuwa kutumia vifaa vipya vya wakati wake bila kuvificha. Nguzo ya chuma ndani ya sebule ilikuwa jambo la kushtua mwaka 1893.

Na bustani?

Bustani ya Brussels ni chumba kirefu kisicho na paa, kimezungukwa na kuta za matofali na nyumba za wengine. Angalia jua kwa mwaka mzima kabla ya kupanda, kwa sababu wakati wa baridi ukuta wa kusini hulitupia kivuli eneo kubwa. Kwenye kivuli weka kangaga na haidrangea. Kwenye ukuta wenye jua weka waridi zinazotambaa na wisteria, mmea uliopendwa sana enzi ile, lakini wisteria iwekwe kwenye nyaya zake, mbali na mifereji ya paa, maana shina lake likinenepa hukunja bomba la zinki. Irisi zinataka jua na udongo usiotuamisha maji.

Mpango wa bustani ufuate mstari wa nyumba. Horta alipenda mashina kuliko maua, na njia moja inayojipinda taratibu kutoka mlango wa nyuma hadi mwisho wa kiwanja inafanya kazi hiyo vizuri kuliko vitanda kumi vya maua. Kanuni zinataka angalau nusu ya eneo la nyuma ibaki udongo unaopitisha maji, kwa hiyo msilifunike lote kwa vigae. Kibustani cha mbele, kama kipo, kinapaswa kubaki na mimea na uzio wake wa chuma. Kukigeuza maegesho ya gari hairuhusiwi. Mti wenye urefu wa mita 4 au zaidi, na shina la mzunguko wa sentimita 40 au zaidi kwenye kimo cha mita 1.5, haukatwi bila kibali.

Chunguzeni pia chini ya ua. Nyumba nyingi zina tangi la matofali la kukusanya maji ya mvua, lililosahauliwa tangu maji ya bomba yafike. Likisafishwa na kuzibwa nyufa, linamwagilia bustani na kusukuma vyoo.

Gharama zinapunguzwaje?

Kodi ya ongezeko la thamani kwa ukarabati wa makazi yenye zaidi ya miaka 10 ni asilimia 6 badala ya 21, masharti yakitimizwa. Nyumba iliyoorodheshwa inaweza kupata ruzuku ya mkoa kwa kazi za uhifadhi. Mwiko mkubwa ni kuanza kazi kabla ya kupata uamuzi: ukianza, umeipoteza. Zaidi ya hapo, punguzo kubwa kuliko yote ni kutengeneza badala ya kubadilisha, na kugawa kazi kwa miaka kadhaa kwa kufuata utaratibu wa maji kwanza.

Nitapataje mafundi, na nione wapi kazi nzuri?

Waombe wakuonyeshe nyumba walizomaliza miaka 5 iliyopita au zaidi, maana chokaa mbaya huonekana nzuri mwaka wa kwanza. Muulize fundi plasta anatumia chokaa gani na anaiachaje ikauke. Asiyeweza kueleza, mshukuru na umtafute mwingine. Ukiwa kijana na unataka kuijifunza kazi hii, kituo cha Paix-Dieu huko Amay, Ubelgiji, kinafundisha ufundi wa majengo ya kale.

Kabla ya kusaini mkataba wowote, tembelea Jumba la Makumbusho la Horta huko Saint-Gilles, lililokuwa nyumba na karakana yake, na nyumba ya Autrique huko Schaerbeek. Ya kwanza itakuonyesha paa la kioo juu ya ngazi likifanya kazi yake. Ya pili ni ya familia ya kawaida zaidi, na ina jikoni la chini na chumba cha kufulia, sehemu ambazo wewe utazitengeneza lakini majumba ya matajiri hayazionyeshi. Nenda na msanifu wako, na kwenye nyumba zote mbili pimeni kwa macho kina cha vyumba na urefu wa madirisha, kwa sababu vipimo hivyo ndivyo mtakavyovibishania baadaye mezani.